Jirani Naye Ana Wajibu



Nitasema jambo moja tu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mahali hapo. Hakikumtaja mwalimu peke yake, wala daktari.

Mimi ni mzaliwa wa Mgeta. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mila hiyo imetulea vema. Lakini je, anayemuumiza mtoto akiwa ni mjomba mwenyewe? Ukoo hukaa, hunyamaza. Nao majirani husema ya nyumba ya mtu hayawahusu.

Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 nchini, na mvulana 1 katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana pia, ndugu zangu!

Mtu huuliza, "Nikikosea je?" Sheria haikutupa kazi ya hakimu. Kuchunguza ni kazi ya ofisa ustawi wa jamii na polisi. Yetu ni kufikisha habari: ofisi ya kijiji, Dawati la Jinsia na Watoto, au simu namba 116.

Wengi wetu leo ndio wajomba wenye kauli. Basi tuwe wa kwanza kutoa taarifa, hata anayetajwa akiwa wa ukoo wetu.