Njia ya Kurudi Hutayarishwa Siku ya Kuondoka

Mazungumzo na mafundi na wasanii wa Mvumi, Wilaya ya Kilosa



Kila mwaka wajasiriamali wa Tanzania huvuka mipaka kwenda kuonyesha kazi za mikono yao. Maonyesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifanyika Kampala mwaka 2022 na Bujumbura mwaka 2023. Habari za kwenda huzungumzwa sana. Leo tumechagua kuzungumzia kurudi, kwa maana huko ndiko faida ya safari nzima inakoweza kupotea.

Tuchukue mfano. Fundi ameondoka na vinyago 40, ameuza 25, anarudi na 15. Afikapo mpakani, Afisa wa Forodha hawezi kujua kwa kuvitazama tu kwamba vilichongwa Kilosa. Pasipo ushahidi, vinaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa za kigeni, na mwenyewe akadaiwa kodi kwa kazi ya mikono yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatambua bidhaa zinazorejeshwa nchini, mradi ithibitike kuwa ni zilezile zilizotoka. Uthibitisho huo hauwezi kutafutwa siku ya kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, andikeni orodha ya kila kazi: jina, kipimo, mali iliyotumika na bei, pamoja na picha yake. Mkifika mpakani, iwe Namanga au kwingineko, msipite kimyakimya. Onyesheni mizigo kwa Forodha, mpate hati ya kutoka, nanyi mbaki na nakala. Kila kinachouzwa kiandikiwe stakabadhi, ili hesabu ya vilivyouzwa na vinavyorudi ilingane na orodha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wachongaji wa mpingo wana jambo la ziada. Tangu Januari 2017 mti huu umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu mwaka 2019 mkataba huo umesamehe bidhaa zilizokamilika ambazo mbao zake hazizidi kilo 10 kwa shehena. Hata hivyo, nchi yaweza kuwa na masharti yake. Ulizeni kwanza Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Wapo pia wanaoombwa kuacha kazi ugenini ili ziuzwe baadaye. Msikubali kwa maneno matupu. Mkataba wa maandishi utaje idadi ya kazi, bei, fungu la muuzaji, tarehe ya malipo, na nani atakayegharimia kuzirudisha zisiponunuliwa. Pasipo maandishi hayo, ni vigumu mno kudai haki mkiwa Mvumi na mali ikiwa nchi nyingine.

Kuhusu fedha, anayeingia na taslimu zinazofikia dola za Marekani 10,000 au zaidi hana budi kuzitamka kwa Forodha. Kubadilisha fedha kufanyike benki au katika duka lenye leseni, na risiti itunzwe.

Mwisho, zawadi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, kama nguo ya gome la mti kutoka Uganda, zaweza kupata nafuu ya ushuru kwa Cheti Rahisi cha Uasili, ikiwa zimo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000. Epukeni kabisa vitu vya pembe za ndovu na magamba ya kasa. Tena msifungashe zawadi katika mifuko ya plastiki, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ndugu zetu, karatasi hizi chache ni nyepesi kuliko kinyago kimoja, lakini ndizo zinazolinda jasho lenu.