Kutafuta Mwaka wa Trekta Kuukuu la Viwandani na wa Kitrekta cha Kuchezea



Nimeombwa nieleze namna ya kulitambua trekta kuukuu la viwandani na kujua limeundwa lini. Kwa ridhaa ya waandaaji nimeongeza vitrekta vya kuchezea vilivyoigwa kutoka kwa mashine hizo, kwa sababu makumbusho na wakusanyaji hupokea vyote viwili, na makosa yanayofanyika kwa kimoja hufanyika kwa kingine. Tulio humu ni watunza makumbusho, walimu wa ufundi na mafundi wa karakana. Sote tumewahi kuulizwa swali lilelile: hiki ni cha mwaka gani?

Hoja yangu ni kwamba trekta lina miaka kadhaa ndani yake. Upo mwaka sehemu zake zilipobuniwa, mwaka chuma chake kilipomiminwa kwenye kalibu, siku lilipounganishwa, mwaka injini ilipobadilishwa, na mwaka lilipopakwa rangi mara ya mwisho. Anayeandika mwaka mmoja kwenye kadi bila kusema ni mwaka wa kitu gani amefuta sehemu kubwa ya historia ya mashine hiyo, na atakayekuja baada yake hataweza kuirudisha.

Rangi

Trekta la viwandani, kwa maana tutakayoitumia leo, ni ndugu wa trekta la shamba aliyeimarishwa kwa kazi za barabara, bandari, viwanja vya ndege na ujenzi. Mara nyingi ekseli ya mbele ni nene zaidi, madgadi ni mapana, lina taa na honi za barabarani, na pengine ndoo mbele na kijiko nyuma. Watu wengi hulitambua kwa rangi ya njano. Hapo ndipo tunapopotea.

Caterpillar walikuwa wakipaka mashine zao kijivu hadi mwishoni mwa 1931, ndipo wakahamia kwenye njano. Tangu hapo njano ndiyo iliyokuwa rangi yao ya kawaida, hata kwa zile zilizokwenda moja kwa moja shambani. Kwa upande mwingine, Ferguson ya viwandani ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa ya kijivu sawa na ya mkulima. Ford na Massey Ferguson ndio waliotuzoesha kwamba njano ni ya ujenzi, kwa kuwa wao walitofautisha: buluu au nyekundu kwa mkulima, njano kwa mkandarasi. Kanuni ya kampuni moja haifai kuhukumia mashine ya kampuni nyingine. Tena rangi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Idara ya barabara ikinunua trekta la shamba, wiki inayofuata linaweza kuwa la njano.

Rangi ina faida pale inapojificha. Usitazame boneti. Tazama nyuma ya bamba la dashibodi, chini ya kiti, ndani ya madgadi, mahali ambapo aliyepaka upya hakuingiza brashi. Trekta la Ferguson aina ya 35 lilipotoka kwenye kiwanda cha Banner Lane, Coventry, mwaka 1956, lilikuwa na bati la kijivu na injini ya rangi ya shaba inayokaribia dhahabu. Kufikia mwisho wa 1957 bati likawa jekundu na injini ikawa kijivu. Ukikwangua kidogo pembeni ya injini ukakuta dhahabu chini ya kijivu, umepata habari kubwa. Lakini kwangua mahali padogo, na upige picha kwanza.

Herufi za Ferguson

Kabla ya aina ya 35, Banner Lane ilitoa TE20 kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 517,000 kwa jumla, zikiundwa na Standard Motor Company kwa ajili ya Harry Ferguson. Hapa bamba la namba linatusaidia sana, kwa sababu herufi ya tatu inaeleza mashine ilikuwa ya kazi gani. TEA ni ya petroli, TED ni ya mafuta ya taa ya trekta, TEF ni ya dizeli. Za viwandani zina herufi zake: TEP ni ya petroli, TET ni ya dizeli. Mtu akikuletea Ferguson ya kijivu yenye madgadi mapana na akakuambia ni trekta la shamba la kawaida, soma herufi hiyo kabla hujakubali. Marekani nako John Deere walifanya jambo linalofanana kwa kuongeza I, wakapata AI na BI kuanzia 1936.

Hata hivyo bamba ni kipande cha bati. Linafunguliwa, linapotea, linahamishwa kutoka trekta bovu kwenda zima. Likionekana jipya kuliko chuma kilicho nyuma yake, au matundu yake hayalingani, andika unachokiona na uendelee na uchunguzi.

Chuma chenyewe

Nataka tukae hapa kwa muda, maana hapa ndipo penye ushahidi mzito. Chukueni mfano wa matrekta ya Ford yaliyoanza kutoka mwishoni mwa 1964, wakati kiwanda cha Basildon kule Uingereza kilipofunguliwa: 2000, 3000, 4000 na 5000. Ndugu zao wa viwandani walikuwa 3400, 3500, 4400 na 4500, mashine za njano zilizobeba ndoo na vijiko kila mahali.

Safisha grisi kwenye ubavu wa injini na gamba la giaboksi. Utakuta namba za aina mbili. Zipo zilizoinuka juu ya chuma, hizo zilitoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe. Na zipo zilizozama, zimegongwa kwa nyundo na muhuri baada ya chuma kupoa. Tofauti hiyo uipapase kwa kidole hata kama macho hayaoni vizuri, kwa sababu kila aina inatoa tarehe ya tukio lake.

Kati ya zilizoinuka, tafuta fungu fupi kama 5E12. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, herufi ni mwezi, na tarakimu zinazofuata ni siku. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea, ila herufi I inarukwa ili isichanganywe na 1, hivyo J ni Septemba na M ni Desemba. Basi 5E12 ni tarehe 12 Mei, ya mwaka unaoishia na 5.

Unaoishia na 5, lakini ni 1965 au 1975? Hapo tunaangalia namba ya kipuri iliyo karibu, kwa mfano inayoanza na C5NN. C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, E ni ya 1980, na tarakimu ni mwaka ndani ya mwongo huo. Wengi husoma C5NN wakashangilia kwamba trekta ni la 1965. La hasha. Hiyo inasema kipuri kilibuniwa kwa mwaka 1965. Kalibu yake iliweza kuendelea kutumika miaka mingi baadaye. Ukikuta D kwenye sehemu ambayo ni ya asili, 1965 imeondoka mezani. Ukikuta C peke yake, bado hujamaliza: tafuta sehemu nyingine, na nyingine.

Kisha nenda kwenye namba zilizogongwa kwenye bapa la gamba karibu na starta. Pale kuna aina ya trekta, namba yake ya mfululizo, na tarehe ya kuunganishwa kwa utaratibu uleule wa mwaka, mwezi na siku, ikifuatwa na herufi ya zamu ya wafanyakazi. Sasa linganisha. Chuma lazima kimiminwe kabla trekta halijaunganishwa. Kama gamba lilimiminwa Machi na trekta likaunganishwa Aprili mwaka uleule, mambo yanakwenda sawa. Kama silinda bloku ina tarehe ya miaka sita baada ya kuunganishwa, bloku hiyo ni ya badala. Hilo lisikuvunje moyo. Umegundua kwamba mashine hii ilifanya kazi hadi injini ikachoka, na mtu akaona bado inafaa kuwekewa nyingine.

Injini

Kwa Massey Ferguson 35, yaani ile aina ya 35 tuliyoitaja, hesabu mabomba membamba yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Manne ni injini ya dizeli ya Standard, ile iliyosumbua kuwaka kwenye baridi. Matatu ni Perkins ya silinda tatu, iliyowekwa kuanzia mwishoni mwa 1959, mwaka ambao Massey Ferguson waliinunua Perkins yenyewe.

Perkins waliobadilisha namba zao kuanzia 1974 wametufanyia hisani: herufi ya mwisho ni mwaka. A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976. Herufi U katikati ya namba inaonyesha imeundwa Uingereza. Trekta la 1962 lenye injini ambayo namba yake inaishia na C ni jambo la kawaida kabisa katika karakana zetu, na ni sehemu halali ya maisha yake. Liandikwe hivyo.

Mfano wa Kongwa

Kuna mashine moja inayoonyesha hoja yangu kuliko zote, na ilifanya kazi katika ardhi ya Tanganyika. Mpango wa Karanga, mradi wa Uingereza wa kulima karanga, ulipoanza Kongwa mwaka 1947, Uingereza haikuwa na matrekta mazito ya kutosha kung'oa mibuyu na kusafisha pori. Walinunua mashine zilizobaki za jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, nyingi zikiwa zimechakaa. Pia Vickers-Armstrongs waliunda trekta la minyororo kutokana na kifaru cha Sherman, likaitwa Shervick. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na vyuma vilitawanyika.

Jiulize, Shervick ni la mwaka gani? Chuma chake cha asili kilitoka Marekani wakati wa vita. Kilibadilishwa kuwa trekta Uingereza baada ya vita. Kilifanya kazi Kongwa kwa kipindi kingine. Miaka yote mitatu ni kweli, na makumbusho ikiandika mmoja tu itamdanganya mwanafunzi bila kukusudia. Hali ni hiyo kwa Caterpillar za wakati ule. D7 zenye namba inayoanza na 3T zilitengenezwa kuanzia 1944 hadi 1955, kwa hiyo 3T peke yake haisemi kama mashine ni ya vita au ya baada ya vita. Ni lazima usome namba yote ya mfululizo.

Vitrekta

Kwa vitrekta vya kuchezea, watu hufanya kosa la kuchukua mwaka wa trekta halisi na kumpa mwanawe. Kitrekta kina kiwanda chake, kalibu zake na miaka yake.

Dinky, wa kampuni ya Meccano ya Binns Road, Liverpool, walitoa trekta la Massey-Harris mwaka 1948 likiwa na namba 27a. Mwaka 1954 walipopanga upya orodha yao, likawa namba 300. Kumbe mwaka 1953 Massey-Harris halisi ilikwisha kuungana na Ferguson. Kitrekta kikaendelea na jina la zamani hadi katikati ya miaka ya 1960, ndipo kikabandikwa Massey-Ferguson, kwa umbo lilelile la zamani. Aliye nacho ana mashine ya miaka ya 1940 yenye jina la kampuni ambayo haikuwepo wakati huo. Jina linaeleza kitrekta kilitoka kiwandani lini. Halielezi chochote kuhusu trekta lililoigwa.

Upande wa viwandani, napenda sana Matchbox namba 24 ya 1956, shepe la Weatherill, lililoigwa kutoka kwa mashine iliyojengwa juu ya Fordson Major. Kwa Matchbox, iliyoundwa na Lesney wa London, anzia kwenye magurudumu. Ya mwanzo kabisa ni ya chuma, yakafuata ya plastiki ya kijivu, kisha plastiki nyeusi, na kuanzia 1969 yakaja yale ya Superfast yenye ekseli nyembamba. Magurudumu nayo hubadilishwa, kwa hiyo tazama ncha za ekseli: zilizobanwa kiwandani hazina alama za koleo.

Wamarekani wana Ertl, walioanza 1945 Dubuque, Iowa, kwa kuyeyusha alumini iliyobaki vitani, wakahamia Dyersville mwaka 1959. Chenye jina la Dyersville chini yake hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Jambo moja la afya ya vitrekta. Aloi ya zinki ya miaka ya 1930 iliyoingiwa na risasi huvimba, hupasuka na kumeguka yenyewe. Nyufa ndogo kama utando kwenye Dinky ya kabla ya vita si alama ya kuangushwa. Usikibane, usikioshe kwa maji ya moto, kihifadhi mahali pakavu penye joto lisilobadilikabadilika.

Kazi ya alasiri

Napendekeza kadi zetu ziwe na mistari mitano badala ya mmoja: tarehe za chuma na mahali zilikosomwa, tarehe ya kuunganishwa, injini iliyopo sasa, rangi zilizoonekana na mahali zilipofichwa, na kazi ambayo mashine ilifanya, kwa maneno ya walioiendesha. Huu wa mwisho unakimbia haraka kuliko kutu. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila wiki, na madereva waliozifahamu mashine hizi ni wazee.

Baada ya chakula tutatoka uani. Kila kundi litapewa brashi ya waya laini, tochi, chaki na daftari. Chaki ipakwe juu ya namba zilizoinuka ili zisomeke kwenye picha. Msisafishe kwa msasa. Kundi la kwanza lianze chini ya giaboksi, la pili kwenye bloku, la tatu ndani ya madgadi. Bamba la dashibodi lisomwe mwisho, baada ya makundi yote kuandika wanachodhani.