Livu ya Jamaa Huanza Kutengenezwa Mwezi wa Septemba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyakazi wa reli na jamaa zao, Sagalla, karibu na Voi)



Tumeambiwa tuseme juu ya fedha. Kwa kawaida neno fedha likitajwa katika mikutano yetu, twazungumza juu ya mshahara, yaani fedha zinazotoka kwa tajiri kuja kwetu. Leo twataka kusema juu ya zile zilizokwisha kufika mkononi, na hasa juu ya jambo moja ambalo wengine hulicheka: jinsi mfanyakazi awezavyo kuweka akiba polepole mpaka amchukue mkewe na watoto wake kwenda Mombasa siku nne, waone bahari, wapande bembea, wateleze katika maji, kisha warudi nyumbani bila deni.

Twajua wako watakaosema, "Je, chama kimekosa kazi? Mahindi yameliwa na ndovu, ada ya shule haijalipwa, nanyi mwatuhubiria bembea?" Hayo ni maneno ya haki, nasi tutayajibu. Lakini kwanza twauliza. Ni nani wanaokaza njia ili treni ipite salama? Ni nani wanaofyeka majani kando ya reli katika jua la nyika, na kukesha stesheni usiku wakati abiria wamelala? Mabehewa hupita hapa Voi yamejaa watoto wa watu, wengine wameshika ndoo ndogo za kuchezea mchanga wa pwani, na watoto wetu husimama huku chini ya mlima wakiwapungia mikono. Kutoka Voi mpaka Mombasa ni kilomita 160 hivi. Hata hivyo wako watoto wakubwa wa shule hapa Sagalla ambao hawajaitia miguu yao katika maji ya chumvi, hali baba zao ni watu wa reli. Wray wa misheni ya CMS alipofika mlima huu mwaka 1883, njia ya pwani ilikuwa ya miguu, katika nyika isiyo na maji. Wakati ule kutoiona bahari kulikuwa na sababu.

Livu yenyewe si hisani ya tajiri. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kila baada ya miezi kumi na miwili, kwa mshahara kamili. Na ikiwa siku hizo zitagawanywa kwa mapatano, sehemu moja yapasa isipungue majuma mawili mfululizo, isipokuwa mapatano yenyewe yaseme vingine. Haki hiyo ilitafutwa na watu. Wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari, walipogoma mwezi wa Januari mwaka 1947, wengi wao hawakuwa na hata uhakika wa chumba cha kulala. Basi kumbe twapewa siku 21, nasi twazifanyaje? Mmoja huziuza kwa fedha, mwingine huzimaliza akitembea kutoka kibanda cha chai mpaka kibanda cha chai pale Voi. Mkewe humwona jioni tu, kama alivyomwona alipokuwa kazini. Hatusemi ni dhambi. Twasema ni hasara.

Na tusidhani kwamba kusafiri na watoto ni mambo ya Wazungu wenye mali. Huko Uingereza, katika miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, kama Oldham, kila mwaka viwanda vyote vya mji vilifungwa kwa juma moja, na juma hilo halikuwa na mshahara hata senti. Wale wafanyakazi walifanyaje? Waliunda vyama vidogo vya akiba, kiwandani na kanisani na mitaani. Kila juma, mtu alitoa kiasi kidogo. Juma la kufunga likifika walifungua, wakagawana, wakapanda treni na watoto wao kwenda Blackpool kando ya bahari, mji uliofikiwa na reli mwaka 1846, na ambao tangu 1896 una bustani kubwa ya bembea na michezo. Sheria ya Uingereza ya livu yenye mshahara ilikuja mwaka 1938 tu. Kwa hiyo watu wale hawakungoja sheria. Walikwenda kwa senti zao wenyewe.

Na Wafaransa, mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, walipata majuma mawili ya livu yenye mshahara, na serikali yao ikatoa tiketi ya reli ya bei nafuu, asilimia 40 chini, kwa mfanyakazi na jamaa yake. Katika mwaka ule mmoja watu zaidi ya laki tano waliitumia. Wengi wao waliona bahari mara ya kwanza. Hata Marekani, ile bustani ya Disneyland ambayo watoto huiona katika televisheni, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko California, tangu siku ya kwanza ilikuwa na reli inayoizunguka na garimoshi la mvuke. Mwenyewe Walt Disney alipenda treni kupita kiasi. Tumelitaja hilo ili mjue kazi yetu ina heshima mahali pasipotazamiwa.

Sasa turudi hapa kwetu, kwenye jambo linalouma.

Yuko ndugu mmoja tunayemjua, hatutamtaja jina. Mwezi wa Desemba aliona jirani zake wakienda pwani, naye hakutaka watoto wake wabaki. Hakuwa na akiba. Akashika simu, akakopa shilingi 12,000. Wakaenda, wakafurahi. Januari deni likamjia, akakopa mahali pa pili ili alipe pa kwanza, na pa tatu ili alipe pa pili. Shule zilipofunguliwa, mtoto wake mkubwa alikaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa ada. Mwisho mbuzi wawili waliuzwa, na waliuzwa kwa bei ya mtu mwenye shida, ambayo mnaifahamu.

Ndugu zetu, hebu tuipige hesabu ya mikopo hiyo ya simu, kwa maana wengi huiona ni midogo. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 10,000, walipa 750 zaidi. Wasema, si kitu. Lakini ukiwa mtu wa kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, hizo ni asilimia 90. Mkopo wa namna hiyo wafaa mtoto akiugua usiku. Kwa bembea haufai hata kidogo. Akiba ya sako nayo tusiiguse. Ile imewekwa kwa shamba, kwa nyumba na kwa masomo, na kwa kawaida huwezi kuitoa ila ujitoe katika chama. Mtu anayejitoa sako ili akaogelee, huyo tumwombee.

Basi twaleta shauri hili. Liitwe Sanduku la Livu, nalo litengwe mbali na fedha nyingine zote. Tuseme ni jamaa kumi na mbili. Kila jamaa itoe shilingi 900 siku ya mshahara, kuanzia Septemba mpaka Julai, yaani miezi kumi na mmoja. Kila jamaa itakuwa na 9,900, na sanduku lote litakuwa na 118,800. Mwenye kuona 900 ni nyingi, atoe 450 na aende mwaka wa pili. Haoni aibu. Mwenye ovataimu mwezi fulani aweza kuongeza. Lakini sheria moja isivunjwe: sanduku hili halikopeshi. Halimkopeshi memba wala mwenyekiti, halimkopeshi mgonjwa wala mwenye matanga. Kwa matanga tuna mchango mwingine, na hatujawahi kumwacha mtu. Likianza kukopesha, mwezi wa Julai tutagawana majina ya wadeni.

Zamani sanduku la namna hii lilikuwa la bati, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Siku hizi fedha zikae katika akaunti ya kikundi, na zisitoke bila watu watatu kukubali, mmoja wao awe mwanamke. Twasema hivyo kwa sababu tumeona vyama vya akina mama hapa Sagalla: fedha zao hazipotei ovyo. Daftari isomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wote. Mhazini mwema hatakasirika kwa hilo, na akikasirika tutakuwa tumejua mapema.

Kwa nini twende Agosti na si Desemba? Ada ya shule za sekondari za serikali za bweni hugawanywa kwa mafungu ya 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Ukisafiri Desemba, Januari yakungoja na lile fungu la 50, pamoja na sare na vitabu. Ukisafiri Agosti, lililobaki mbele yako ni lile la 20. Na tena Agosti shamba limetulia, mvua za vuli bado, mama hawavutwi huku na huku. Desemba treni hujaa mpaka mtu wa reli mwenyewe hapati nafasi.

Juu ya nauli: tangu tarehe 1 Januari 2024, kiti cha daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa katika Madaraka Express ni shilingi 1,500, kutoka 1,000. Kutoka Voi ni kidogo kuliko hapo, kwa kuwa sisi tu karibu zaidi na pwani. Kila mtu aulize dirishani bei ya siku hiyo, pamoja na ya watoto, aiandike. Tiketi ikatwe mapema kwa simu, kwa kupiga *639#.

Malazi ndiyo hula fedha kuliko kitu chochote, nasi hatutalala hotelini. Nani hapa hana ndugu Changamwe au Mikindani? Lakini usimwingilie mtu wa mjini na watoto watatu mikono mitupu, naye hununua hata maji. Mpelekee debe la mahindi, pojo, na asali ya ile mizinga yetu iliyotundikwa katika nyaya kuzuia ndovu. Kimanga kikipikwa Changamwe kwa pojo za Sagalla, hutafukuzwa.

Mombasa mengi ya kuona hayana tiketi. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu, na mtoto aweza kuvuka mara nne bila kuchoka. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ni wa wote. Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ina kiingilio. Kule Bamburi iko Haller Park: palikuwa mashimo makavu ya kuchimbia mawe ya saruji, na tangu mwaka 1971 pakapandwa mivinje, na jongoo wakaletwa kula majani makavu ili udongo upatikane. Ndipo alipoletwa yule kiboko mdogo aliyeokolewa Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee. Na wale wenye kutaka mteremko wa maji, iko bustani yake Nyali, Wild Waters. Hiyo ndiyo ya kuwekea fedha, siku moja tu, nayo watoto waambiwe tangu Septemba ili nao waweke senti zao. Ndovu hatuna haja ya kuwalipia. Wageni hutoka ng'ambo kuwatazama Tsavo, na sisi hutujia shambani usiku bila kuitwa.

Tulisema tutawajibu wale wanaosema ni upuuzi. Jibu letu ni hili. Mtu wa genge huondoka nyumbani Jumatatu, wengine hawarudi hata kwa majuma matatu. Mtoto hukua akimjua baba kama mtu anayeleta unga na kuuliza ripoti ya shule. Shilingi 900 kwa mwezi ni fedha, hatukatai, na yuko ambaye kweli hana. Huyo chama kimpiganie mshahara kwanza. Lakini wengi wetu twazitoa hizo 900 kila mwezi bila kujua zimekwenda wapi.

Karani wa tawi ataandika majina baada ya mkutano huu, chini ya mwembe. Jina liandikwe la mume na mke pamoja, na kijitabu cha risiti kikae kwa mke. Mchango wa kwanza utapokelewa siku ya mshahara mwezi wa Septemba, na watakaokuwa zamu siku hiyo wampe Karani usiku uliotangulia.