Nendeni Wote Wawili

Hapa kwetu Turbo, nyumba ikikosa mtoto lawama humwangukia mke. Lakini Elkana hakumfukuza Hana. Kila mwaka alipanda naye mpaka Shilo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida hii maishani. Chanzo chaweza kuwa kwa mke: mirija iliyoziba kwa maambukizo, au yai lisilopevuka. Chaweza kuwa kwa mume: mbegu chache au dhaifu. Pengine ni kwa wote wawili. Basi mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitalini Eldoret pamoja. Kupima mbegu ni kazi nyepesi kuliko kuchunguza mirija. Akina baba, msijifiche.

Wengine watasaidiwa kwa dawa au upasuaji. Wengine hawatapata mtoto. Hata hivyo, kiapo chetu cha ndoa kilitaja kifo tu, hakikutaja utasa. Nasi kanisani tuache kuwahesabia wenzetu miezi.

Bwana, uwafariji wanaongoja. Amina.