Dawa Mbili Katika Reli Moja
(Hotuba kwa wanachama, Voi)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya kiharusi, na juu ya chupa ya mizizi inayowekwa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Mwenzetu mmoja wa kikosi cha njia ya reli alipatwa asubuhi. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukaanguka, maneno yakamshinda. Sisi tuliokuwapo tukamnywesha dawa ya miti kwa kijiko. Tulikosa. Koo la mgonjwa wa kiharusi huenda limepooza pia, na kile anachonyweshwa huweza kuingia mapafuni. Alipaliwa mpaka tukaogopa.

Basi asinyweshwe kitu, hata aspirini. Kiharusi ni cha namna mbili: mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda, au umepasuka. Kwa macho hujui. Picha ya kichwa ndiyo huonyesha. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida katika saa 4 na nusu za kwanza. Anayetoka Taveta au milimani Wundanyi saa hizo huweza kumwishia njiani. Tusizipunguze kwa kungoja nyumbani.

Mwenzetu alipata nafuu, akapewa vidonge vya warfarini ili damu isigande, maana moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo. Shemeji yake akamletea kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi, kikombe kizima asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache ufizi ukatoka damu. Daktari alikuwa hajui habari za kikombe, kwa kuwa mwenzetu aliogopa kukemewa.

Ndugu, kwa nini hivyo? Tunachokimeza hushuka tumboni na utumboni, kisha damu hukipeleka kwenye ini. Humo wamo wafanya kazi wadogo, viitwavyo vimeng'enya, wanaovunja dawa. Mabaki hutolewa kwa mkojo au kwa choo. Mwili hauulizi kama dawa imetoka dukani au porini. Zote mbili zapita reli moja.

Treni moja ikiziba njia, ya pili hukwama. Balungi huzuia wafanya kazi kama hao, hasa walio utumboni, kuvunja baadhi ya dawa za mafuta ya damu, kama simvastatini, nayo hujaa mwilini kupita kipimo. Mimea mingine huongeza wafanya kazi, dawa ikavunjwa upesi mno, na damu ikaweza kuganda tena. Kitunguu saumu kingi chenyewe hupunguza kuganda kwa damu. Kikiongezwa juu ya warfarini, mzigo huwa mara mbili. Cha kutia mchuzi si neno, bali kikombe ni dawa. Utomvu wa shubiri nao huharisha, ukaondoa madini ambayo moyo wayahitaji, hasa kwa anayemeza vidonge vya kukojoza.

Hatusemi kwamba dawa za wazee wetu ni upuuzi. Aspirini yenyewe, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897, asili yake ni dawa iliyojulikana katika gome la mti. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili. Lakini dawa yenye nguvu ya kuponya inayo nguvu ya kudhuru pia.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Mtu akianguka, tumlaze ubavu, tutazame saa, tumpeleke upesi. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu ya mizizi. Na akienda kliniki, achukue ile chupa pamoja na kadi yake, aseme yote anayokunywa.

Mwenzetu alipoonyesha chupa yake hakukemewa. Alipimwa damu, akaambiwa akiache kikombe, na ufizi ukapona. Yuko nasi leo, amekaa pale mbele.