Kupanga Masomo Mwaka wa Kwanza: Nafasi Inayobaki Baada ya Udahili

Mwanafunzi wa Kitanzania anapofika chuo kikuu, uamuzi mzito kuliko mingine ameshaufanya. Tahasusi aliyosoma kidato cha tano na cha sita, iwe PCB, EGM au HKL, ilishamfungia baadhi ya programu miaka miwili kabla. Kisha likaja dirisha la udahili: wiki chache za kuchagua shahada, mara nyingi akiwa nyumbani na simu mkononi, huku kaka akisema hili na mjomba akisema lile. Anaingia Mlimani, Mzumbe au Dodoma akijua jina la programu yake na kiasi cha mkopo alichopangiwa. Orodha ya kozi zenyewe wengi huiona kwa mara ya kwanza siku ya kujisajili.

Swali la mada hii ni moja. Baada ya udahili, ni nafasi gani ya kuchagua iliyobaki mikononi mwa mwanafunzi huyo, naye aitumie vipi? Nafasi ipo, lakini ni finyu kuliko anavyodhani aliyetoka sekondari jana, na sehemu yake kubwa hupita katika mihula miwili ya mwanzo.

Hesabu ya muda ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu hukamilika kwa krediti 360. Kozi ya krediti 12, basi, inadai saa 120. Zikigawanywa kwa wiki 15 za masomo ni saa 8 kwa wiki. Ukiondoa mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1, zinabaki saa 5 ambazo hakuna anayezisimamia isipokuwa mwanafunzi mwenyewe. Kozi tano za namna hiyo ni saa 40 kwa wiki, sawa na ajira ya kutwa. Anayezijua namba hizi tangu wiki ya kwanza ataona mapema kwamba biashara ya mtandaoni na uongozi wa chama cha wanafunzi havikai pamoja ndani ya muhula uleule.

Alama nazo zina hesabu yake. Vyuo vingi hutumia GPA ya hadi 5, ambamo A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Daraja la kwanza huanzia 4.4 na la pili la juu huanzia 3.5. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza na 2.8, kama krediti za kila mwaka ni sawa, atahitaji wastani wa 3.85 katika miaka miwili iliyobaki ili afike 3.5. Hiyo ni karibu B+ katika kila kozi, bila kuteleza. Akiwa na ndoto ya kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi, nafasi ambayo kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8, atahitaji wastani wa 4.3. Wanafunzi huogopa sapu na kudisko, na wana haki ya kuogopa, lakini wengi zaidi huumizwa na mwaka wa kwanza waliofaulu kwa C nyingi wakiamini kuwa bado mapema.

Kozi za lazima hazina mjadala. Kila mtu atazisoma. Uamuzi halisi uko kwenye kozi za hiari, na hapo ndipo mwandishi wa mada hii anapoona hasara kubwa. Swali linaloulizwa korido za bweni ni kozi ipi ni laini na mhadhiri yupi hutoa A. Mwanafunzi wa sosholojia anayetamani kazi ya utafiti huikimbia takwimu, akaja kuitafuta kwa fedha zake mwenyewe baada ya kuhitimu. Anayesoma Kiswahili naye huacha kozi za Kifaransa au Kireno kwa kuwa zina majaribio mengi. Ilhali SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya nne rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Mkalimani hahitajiki kwa lugha moja. Jozi ya Kiswahili na Kifaransa hujengwa kwa miaka, na mahali pa kuanzia ni zile krediti chache za hiari ambazo mwenzake amezijaza kwa kozi ya mtelemko.

Njia inayosaidia ni kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Mwanafunzi achague kazi moja anayoifikiria leo, hata kama atabadili mawazo, kisha aulize nini kinadaiwa baada ya shahada. Mhitimu wa uhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), ambayo ina mpango wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya mtu kuwa mhandisi kamili. Mhasibu anakabiliwa na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Daktari ana mwaka mzima wa mafunzo kazini baada ya miaka mitano darasani. Mwalimu wa serikali siku hizi hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, ambako ujuzi wa somo lake hupimwa upya.

Mfano wa sheria unauma zaidi. Shahada ya sheria peke yake haimpi mtu uwakili. Lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Oktoba 2022 ilifahamika kwamba kati ya wanafunzi 633 wa mkupuo mmoja, 26 tu ndio waliofaulu bila kurudia mtihani wowote. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu, na lawama ziligawanywa kwa taasisi, vyuo na wanafunzi. Kwa anayeanza mwaka wa kwanza leo, la kuchukua ni dogo na la wazi: uandishi wa nyaraka za kisheria na Kiingereza cha mahakamani vianze kufanyiwa mazoezi sasa, kwenye kila zoezi la semina.

Je, mpango wa namna hii haumfungi kijana wa miaka 20? Maisha ya Julius Nyerere yanatoa jibu zuri. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa tayari ana diploma ya ualimu ya Makerere na amefundisha Tabora. Alisoma shahada pana, iliyomruhusu kuchanganya uchumi, historia, falsafa na sheria ya katiba, akahitimu 1952. Alichagua upana kwa makusudi, na miaka miwili baadaye alikuwa anaiongoza TANU. Upana wa aina hiyo ni mpango pia, kwa sababu kila somo lilikuwa na kazi iliyokusudiwa. Samia Suluhu Hassan alianza kazi kama karani mwaka 1977, akasoma diploma Mzumbe miaka ya 1980 na kuendelea Manchester miaka ya 1990; elimu yake iliongezwa kadiri kazi ilivyodai.

Kuna suala la mkopo, ambalo halipaswi kusubiri mwaka wa tatu. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Bumu linapoingia, ni haki kujua kwamba ni fedha ya mshahara wa kesho.

Ushauri wa wanaotangulia una thamani, ila uhakikiwe. Mitaala mingi imepitiwa upya chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kuanzia 2021. Desa la kaka aliyehitimu miaka mitano iliyopita laweza kuwa la kozi ambayo haipo tena, au imehamishiwa muhula mwingine.

Mada hii inapendekeza jambo moja kwa idara. Kabla ya usajili wa muhula wa pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae na mshauri wake wa masomo kwa dakika 20, akiwa na karatasi moja aliyoijaza mwenyewe: kozi zote hadi mwaka wa mwisho, kozi za hiari alizozichagua na sababu ya kila moja, mahali anapotaka kufanya mafunzo kwa vitendo, bodi ya taaluma inayomhusu, na GPA anayoilenga mbele ya ile aliyoipata. Mshauri abaki na nakala, na kikao kirudiwe mwaka wa pili karatasi ileile ikiwa mezani.