Mtutu wa Gobori na Adui Wake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)

Huenda sisi tukaao mezani na kalamu tukacheka kusikia habari za gobori; lakini wengi wetu tunao wazee ambao bunduki zao hujazwa kwa mdomoni, nao huzitegemea kufukuza nguruwe na nyani shambani. Wala silaha hizi hazikudumu kwetu kwa bahati tu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume zenye mtutu laini.

Twaona mzee huitunza karatasi ya idhini sandukuni isiingie maji, na bunduki yenyewe ikaachwa kuoza. Adui wa mtutu si miaka, ni baruti. Baruti nyeusi kwa kawaida ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Ishikapo moto, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa: baadhi hutoka na moshi, baadhi hugandamana mtutuni, masizi pamoja na chumvi za namna namna. Chumvi hizo huvuta unyevu, na wakati wa masika kutu huweza kuonekana siku ya pili.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kumimina mafuta juu ya uchafu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na kutu ikaendelea kula chini yake. Kiyeyushacho ni maji, ijapokuwa wazee hushangaa kusikia chuma kikioshwa kwa maji.

Lakini kabla ya yote sharti tujue kwamba haikujazwa. Tuondoe fataki, tuelekeze mdomo pasipo mtu, tuingize mdeki hata ukome, tutie alama penye mdomo, kisha tuutoe na kuulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha isipofika karibu na kitundu cha moto, kimo kitu ndani. Tusikichokonoe, tumpelekee fundi wa bunduki.

Ikiwa tupu, tuufungue mtutu katika mti wake, tuweke shina lake ndani ya ndoo ya maji ya moto sana, na kwa kitambaa kilichofungwa katika mdeki tuyavute na kuyasukuma maji hata yatoke safi. Faida ya maji ya moto ni kwamba chuma hupata joto na kujikausha. Tufute kwa vitambaa vikavu, halafu tupake mafuta kidogo yasiyo na chumvi, kama ya ufuta, au mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa pamoja na nta. Kesho yake tupitishe kitambaa cheupe; kikitoka chekundu, tuoshe tena. Na siku ya kuitumia mafuta yafutwe, maana huilowesha baruti.

Mtutu uliokwisha kulika mashimo karibu na shina, penye nguvu nyingi za baruti, hauponi kwa mafuta. Huweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Huo usijazwe tena mpaka fundi aupime.